Ngao Yangu na Uso Wako

Mwanangu Chiza,

Mimi mama yako ni mzima, na wewe najua ni mzima, maana nakusikia hapo chumba cha pili unagombana na zipu ya begi. Ningeweza kukuita tu. Lakini nikikuita nitaanza tena habari ya blanketi na dawa ya mafua, nawe utasema "sawa mama, sawa mama", na lile ninalotaka kusema litabaki kooni. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Unajua niliishia darasa la nne kule Kasulu, mwandiko wangu hupanda mlima wenyewe. Usiusomee kwenye basi. Subiri ufike Tabora, ukae chini.

Ya kula, ya kufua, ya wavulana, nimeshakwambia mpaka umeziba masikio. Leo nataka kukuandikia habari ya ile ngao ya tuzo iliyoko ukutani. Utasema, mama, ngao naijua. Ndiyo, unaijua. Ila wewe uliiona kutoka ndani ya kofia ya wavu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye migomba, na nilichokiona kutoka pale sijawahi kukuambia.

Watu wengi hapa bado wanadhani unakwenda kusomea nyuki. Juzi mke wa mchungaji kanishika mkono pale kisimani, akaniita kwa jina la mkubwa wako kama wanavyoniita wote.

"Hongera mama Bukuru. Mtoto anafuata nyayo."

"Hafuati," nikamwambia. "Anakwenda kusomea kupima ardhi."

"Eh. Na mizinga?"

"Mizinga ina baba yake."

Akanitazama kama mtu aliyeonja uji usio na chumvi. Mimi nikajitwika ndoo yangu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa mwepesi, Chiza. Ule mlima wa kutoka kisimani sikuusikia.

Sasa nianzie mwanzo.

Zamani nyuki hawakuwa kazi ya wanawake. Babu yako na wenzake walitundika mizinga ya magome juu ya miti, na mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kushika kamba. Ilipokuja mizinga ya masanduku, inayokaa chini kwenye vigingi, mimi ndiye wa kwanza kijijini kusema ninaitaka. Wanaume walinicheka. "Mwanamke na nyuki wapi na wapi? Utawapikia ugali?" Nikafuga tu. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Baadaye akina mama wengine wakaja kujifunza, tukawa kikundi, na asali yetu ikaanza kuulizwa na wenye maduka mjini Kibondo kabla hatujarina. Nilipopita barabarani nilikuwa natembea kwa kiburi kidogo. Kidogo kilichozidi.

Nilichomwa na nyuki miaka yote hiyo. Kwangu ilikuwa kama kuchomwa na miiba shambani. Kisha siku ile, wewe ukiwa kidato cha pili, mmoja akaniingia chini ya kitambaa cha shingo. Mmoja tu. Kabla sijafika nyumbani midomo ilikuwa imevimba, macho yamefunga, pumzi inapita kwa shida kama kwenye mrija wa pampu ya baiskeli. Unakumbuka baba yako na jirani walivyonipakia kwenye pikipiki, mimi katikati yao kama gunia la muhogo. Hukujua nilichoambiwa hospitali, kwa sababu nilikwambia daktari amesema nipumzike.

Alichosema ni hiki: "Mama, mwili wako umewakataa nyuki. Ukichomwa tena huenda tusiwahi."

"Mimi ndiye ninayewafundisha kijiji kizima," nikamwambia.

"Basi fundisha ukiwa mbali."

Uvimbe wa shingo ulikuwa haujaisha vizuri, afisa ugani akaja na pikipiki yake, meno yote nje. Jina langu lilikuwa limepelekwa juu, kwenye tuzo ya taifa ya wanawake, upande wa wakulima. Wageni wangekuja kunipiga picha nikifungua mizinga.

Ningesema neno moja tu pale, mambo yote yangekuwa mengine. Afisa ni mtu mwelewa, angeandika kwenye karatasi yake, basi. Lakini masikioni nilikuwa nawasikia wale wanaume. Nilijua watakavyosema: si tulisema, nyuki wenyewe wamemkataa. Afadhali kufa, nikajiambia. Mtu huwaza upumbavu mkubwa akiwa anaona haya.

Tulipokuwa tunakula, baba yako akasema, "Mimi nitafungua mizinga."

"Wanamtaka mwanamke," nikasema.

Na wewe, ukiwa na tonge mkononi, ukacheka ukasema, "Mimi nguo za mama zinanitosha."

Ulisema kwa utani. Nataka ulijue hilo, maana mwaka jana nilikusikia ukimwambia mama yako mdogo kwamba wewe ndiye uliyeanzisha. Hukuanzisha. Mtoto husema neno la kuchekesha; mimi mkubwa ndiye niliyeligeuza kuwa kazi. Baba yako aliweka tonge lake chini. Alisema, "Mama Bukuru, watu hawa wana macho." Nikamjibu, "Wavu una matundu madogo kuliko macho yao." Nilijiona nimesema jambo la akili.

Siku wageni walipofika, ulivaa ovaroli langu jeupe, buti zangu, glovu zangu, na ile kofia ya wavu. Nilisimama kwenye migomba ng'ambo ya kijito, nimejifunika khanga mpaka puani. Ulipuliza moshi, ukafungua mfuniko, ukanyanyua sega limejaa kama ulivyoniona mimi nikifanya. Taratibu, bila kushtuka. Mpiga picha akauliza mbona mama hasemi kitu. Baba yako, ambaye hajui kudanganya, akasema akiwa kwenye nyuki mama haongei, ni mwiko wake. Wakaiandika hiyo. Kisha ukazunguka nyuma ya ghala, mimi nikavaa ovaroli likiwa bado na joto la mwili wako, nikajimwagia maji usoni kama jasho, nikaenda kuhojiwa chini ya paa la nyumba yetu. Niliongea vizuri sana. Nilimshukuru Mungu na serikali na mume wangu. Wewe ulikuwa jikoni unawapikia hao hao wageni chai.

Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa dhambi. Nilikuwa nawaza watatupigia simu lini.

Walipiga. Nikaenda Dodoma.

Sijawahi kukusimulia Dodoma kama ilivyokuwa. Nilikuletea kitambaa na stori ya lifti. Lakini tulikalishwa kwenye viti vya mbele asubuhi, na mgeni rasmi akachelewa, na kando yangu alikuwepo mama mmoja mnene kutoka upande wa Lindi, mkunga, anaitwa Zuhura. Viatu vilikuwa vinambana, akavivua akavisukuma chini ya kiti. Yeye alikuwa anapewa tuzo ya afya. Tukaulizana za nyumbani. Halafu akaniuliza, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya:

"Na wewe ya kwako ina nini nyuma?"

"Nyuma ya nini, dada?"

"Nyuma ya tuzo. Usinitolee macho. Hapa tulipokaa mstari mzima, kila mtu ana kitu nyumbani ambacho hakutaka kije hapa."

Nikasema mimi sina. Akacheka kidogo.

"Mimi nimezalisha wanawake wa kata nzima," akasema. "Binti yangu wa kumzaa, siku yake ilipofika, akaenda kujifungulia kwa mkunga mwingine. Alisema, mama, maisha yangu yote ukigongewa mlango unatoka, sasa na mimi acha nigonge kwa mwingine. Mjukuu wangu anatembea, mimi sijamshika. Nikitoka hapa na hiki kibao sijui nimpigie nani."

Kisha mgeni rasmi akaingia, tukasimama, akavaa viatu vyake akiwa ananing'inia begani kwangu. Alipoitwa jina alitembea kama malkia. Ukimwona kwenye runinga utasema, huyu mama amebarikiwa.

Mimi nilikuwa na wa kumpigia. Nilitoka nje na ngao kwapani, nikakupigia wewe. Ukasema, "Hongera mama." Halafu ukasema, "Mama, leo nilikuwa na mtihani wa hesabu." Unakumbuka nilichojibu? Nilisema, "Sawa, na mizinga ya kule juu mmeiangalia?"

Ukanyamaza kidogo, ukasema mmeiangalia. Nimekisikia kile kimya chako mara nyingi tangu siku ile. Na Zuhura alikuwa ametoka kunisimulia ya kwake, maneno bado ya moto, na mimi sikuona kwamba anasimulia habari yangu mimi.

Baada ya hapo wageni hawakukatika. Waliokuja kujifunza, waliokuja kupiga picha ya kalenda, wanafunzi, wafadhili. Kila gari likikata kona kutoka barabara ya Nyakanazi, mimi naogopa na wewe unavaa. Ulitolewa darasani mara ngapi, sitaki hata kukisia. Mwalimu alipouliza nilisema unaumwa tumbo. Ulikuwa na tumbo sana wewe, maskini. Kalenda ile ilibandikwa kwenye maduka mpaka Mabamba, mwanamke mwenye nguo nyeupe pee na uso hauonekani, imeandikwa jina langu. Ulikuwa unapita chini ya picha yako mwenyewe ukinunua sabuni.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ulikaa nyuma ya nyumba mpaka jua likazama. Baba yako hakunilaumu. Alisema tu, "Nyuki tumewalisha vizuri." Ningependa zaidi angenipigia kelele.

Na bado sikuacha, Chiza. Hapo ndipo ninapotaka unielewe. Nilikuwa nimeshaona, na bado sikuacha. Tuzo ni kama mgeni wa heshima. Ukishamkaribisha nyumbani, humwambii ondoka. Unampisha kitanda, mwenyewe unalala chini.

Aliyenitoa pale ni babu yako, na hakujua anatoa mtu.

Ile siri tulikuwa nayo watatu. Babu hatukumwambia, kwa sababu kumpa babu yako siri ni kuteka maji kwa ungo. Siku ile walikuja wageni wakubwa kuliko wote, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani ya kamba. Wewe uko kwenye mizinga, umenyamaza na mwiko wako. Mimi niko kwenye migomba. Wamesimama kwa mbali na kamera zao. Babu akatokea kwenye njia ya shamba na fimbo yake.

Sasa mimi ni mkwe wa yule mzee. Tangu nilipoolewa, nikimwona anakuja hutoka njiani, huinama, humpisha, na hata jina lake sijawahi kulitamka. Mizinga au si mizinga, ningeweka sega chini nikageuka pembeni. Wewe ulisimama kama mwenye shamba. Akakutazama miguu, akakutazama mabega, akacheka, akasema kwa Kiha chake, kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe:

"Mke wangu, leo umemwibia mama yako nguo?"

Na wewe, uliyeitwa mke wake tangu ulipozaliwa, ambaye hujawahi kuupokea utani wake bila kuurudisha, ukajibu kutoka ndani ya wavu:

"Mume wangu, wewe umechelewa kama kawaida. Chai imeisha."

Wageni hawakuelewa neno. Lakini dereva wao alikuwa mtu wa Kasulu. Alishika mdomo, akaegemea gari, mabega yakawa yanamruka.

"Wamesemaje?" akauliza yule mama.

"Hapana, madamu, ni salamu tu."

"Salamu gani ya kukuliza hivyo? Sema."

"Mzee amemwita mke wangu."

"Na yeye?"

"Na yeye amemwita mume wangu."

"Si tumeambiwa huyu mzee ni baba mkwe wake?"

"Ndiyo, madamu," akasema dereva. "Ndiyo maana."

Akina mama wa kikundi waliokuwa wamekuja kusindikiza wageni walikuwa wameshashika vichwa. Mkwe amwite baba mkwe mume wangu, mbele ya watu, mchana. Mmoja alikaa chini kabisa. Babu yako akageuka huku na huku. "Nini? Huyu si Chiza? Mkwe wangu akiniona huhama njia, huyu kanikodolea macho. Mimi mjukuu wangu namjua kwa kusimama." Na wewe ulikuwa umeganda, sega mkononi, nyuki wanakuzunguka kofia, na nikajua huwezi kukimbia, huwezi kusema, na huwezi kuivua kofia.

Ndipo nikatoka kwenye migomba. Nilifika ukingoni mwa kijito, na zaidi ya pale siwezi kwenda, wewe unajua kwa nini, kwa hiyo ikabidi yote niyaseme kwa kupaza sauti, kama mtu anayeuza samaki.

"Huyo ni mwanangu," nikasema. "Mimi ndiye mwenye jina. Nyuki wakinichoma nakufa. Tumewadanganya tangu picha ya kwanza."

Yule mama akavuka kijito na viatu vyake vizuri, akaja mpaka niliposimama.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtachukua ngao."

Aliangalia kule mizingani. Nilidhani ataniuliza ya ngao. Akaniuliza, "Na shule yake?"

Basi. Maneno matatu. Nikalia pale pale, na sikulia kwa aibu. Nililia kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani akagundua shingo ilikuwa inauma tangu lini.

Waliondoka bila kupiga picha. Tulikaa tukingoja tupate barua ya kunyang'anywa, na nikwambie kweli, nilikuwa nalala kuliko miaka yote. Afisa ugani alipokuja alisema wakubwa wamekaa, wameona tuzo ilikuwa ya mizinga na ya akina mama niliowafundisha, na hivyo viwili ni vya kweli, ngao ibaki. Ile picha ya kalenda haitachapishwa tena. Kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine, na wale wanaume niliowaogopa walicheka mpaka sokoni. "Mama Bukuru kajificha kwenye migomba kama sungura." Walicheka, wakachoka. Kumbe ndiyo yote. Nilikutia wewe ndani ya wavu miaka yote ile kwa kuogopa kicheko kisichomaliza hata msimu mmoja wa maharage.

Wewe wamekuita "mke wa babu" mpaka leo, na babu anasema usiolewe bila talaka yake.

Ukaenda Kasulu kwa mama yako mdogo, ukarudia mtihani, ukafaulu ukiwa umevaa nguo zako. Halafu yule mama wa miwani akatuma ujumbe kwamba wakubwa wako tayari kukusomesha nyuki. Nikafurahi tena, unaona mtu alivyo? Nikaanza kusema "mwanangu atakuwa mtaalamu". Wewe ukasema "sawa mama". Siku chache baadaye ukaja jikoni, ukasimama mlangoni.

"Mama, mimi nyuki siwapendi. Nilikuwa nawaogopa kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka wamalize kupiga picha."

Ukaniambia juu ya wale vijana waliokuja kupima barabara kabla ya lami, na kile kimashine chao cha miguu mitatu, ulivyokuwa ukitoka shule unakaa juu ya kichuguu kuwatazama. Mmoja alikuruhusu uchungulie, ukaona mlima wa ng'ambo umekaa ndani ya kioo. Miaka yote hiyo ulikuwa na kitu kizuri namna ile na hukunionyesha, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa ngao yangu.

Nilikujibu "nenda kapime" na nikaendelea kupepeta mchele. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilikuwa nashukuru kwamba mtoto wangu ameniambia kabla hajawa mzee.

Nilimpigia Zuhura kumsimulia ya babu yako. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Ngoja na mimi nimpigie wangu." Akakata simu hapo hapo, hata kwaheri hakuniaga. Wiki iliyopita alinipigia yeye, akasema amemshika mjukuu, ni mzito.

Utakutana na watu wenye ngao huko. Huenda siku moja na wewe wakakuita mbele upewe yako, kwa kupima milima. Nitafurahi, sitakudanganya, nitatangaza mpaka Kasanda. Ila siku hiyo ukinipigia simu, nitakuuliza kwanza umekula nini na umelala wapi, na kama kuna mtu wa kucheka naye. Nikisahau nikauliza ya ngao, nikatie simu, nitaelewa.

Na ukiwa na jambo la aibu, lete. Usingoje babu apite na fimbo yake.

Neno la mwisho ni la begi. Juzi nilikuwekea kofia ya wavu chini kabisa, nimeizungushia taulo. Nilijiambia ni kumbukumbu, kumbe bado mkono wangu ulikuwa unataka kukuvika. Leo jioni, ulipokwenda kumuaga babu, nimeitoa. Ndiyo maana begi limelegea upande mmoja. Pale nimeweka chupa ya asali, imefungwa vizuri, baba yako ndiye aliyeirina.

Kesho pale stendi ya Kibondo nitakwambia ukae dirishani upande wa kulia. Mimi nitasimama wazi, mbele ya watu. Sina la kukuagiza tena, nataka tu kukuona uso mpaka basi likate kona.

Mimi mama yako,
Mama Bukuru, na mama Chiza.